Je, Wajua? Kuhesabu Bahari ya Ngomeni Bila Kulipa Shilingi

Je, wajua kwamba tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi ilifyatuka kutoka kwenye mtambo wa Waitaliano uliosimama baharini mbele ya Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru? Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi moja tu ya kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Kazi yake ilikwisha mwaka 1973, na wataalamu walipomaliza kuchambua kumbukumbu zake walitoa orodha ya vyanzo 339: hiki kiko hapa, kile kiko pale, hiki kina nguvu kiasi hiki. Leo nasi tunataka orodha, ila tunainamisha macho. Tunatoka angani tunaingia majini, kwa kamba, kaa, tafi na mikoko ya Ngomeni, na kwa programu za kompyuta ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia kuchambua hesabu za viumbe hao bila kutoa hata shilingi.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza hubanana na moja? Tuna bure, na tuna huria. Programu ya bure huilipii. Programu huria, zaidi ya hapo, unaruhusiwa kuifungua, kusoma maandishi yaliyoiunda, kuyarekebisha na kumgawia jirani. Shikilia tofauti hiyo, maana tutairudia.

Je, wajua kwamba programu maarufu kuliko zote katika kazi hii ina jina la herufi moja tu? Inaitwa R. Waliianzisha walimu wawili wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990: Ross Ihaka na Robert Gentleman. Herufi ya kwanza ya majina yao ndiyo hiyo R. Toleo lililohesabiwa kuwa limekomaa, nambari 1.0.0, lilitolewa tarehe 29 Februari 2000, siku inayokuja mara moja kwa miaka minne. R ni huria. Watu wa kila pembe ya dunia wameiongezea vifurushi, kila kifurushi na kazi yake, na leo vifurushi hivyo vimepita 20,000.

Na je, wajua kwamba kimojawapo cha vifurushi hivyo kilizaliwa Nairobi? Hapa natua kidogo, kwa sababu Wakenya wengi wanaojifunza takwimu za viumbe hawalijui jambo hili, na mimi naona ni la kujivunia. Mwaka 2005, Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo-Misitu, kile cha Gigiri ambacho wengi hukiita ICRAF, kilichapisha kitabu cha Roeland Kindt na Richard Coe kuhusu namna ya kuchambua wingi wa aina za miti. Kitabu hakikuja peke yake. Kilikuja na programu, na programu hiyo ndiyo leo inayojulikana kwa jina la BiodiversityR. Kazi yake kubwa ni kumwondolea mtafiti hofu. R ya kawaida hukutaka uandike amri kwa mkono, na koma moja ikikosekana inakataa kufanya kazi. BiodiversityR ilikuja na menyu: unabonyeza, unachagua, unapata jibu. Kitabu chenyewe hupakuliwa bila malipo. Mwanafunzi wa misitu wa Brazili au wa India anayekifungua anasoma kitu kilichochapishwa hatua chache kutoka Msitu wa Karura.

Ndani ya kifurushi hicho mmetiwa hata takwimu za mazoezi kuhusu mti wetu wa Afrika Mashariki ambao Wakikuyu huuita muthiga, wenye gome kali kama pilipili linalotafunwa kutuliza kikohozi.

Si kifurushi hicho tu chenye mizizi Kenya. R-Instat, programu nyingine huria inayomrahisishia mtu njia ya kuingia kwenye R, imetokana na kazi ya African Maths Initiative, shirika la hapa Kenya lililoanzia upande wa Maseno.

Je, wajua kwamba kifurushi kinachoitwa vegan hakihusiani na watu wasiokula nyama? Jina limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya uchambuzi wa uoto. Kinara wake kwa miaka mingi ni Jari Oksanen wa Finland, na BiodiversityR imejengwa juu yake. Mazoezi yake yana mbuga za matuta ya mchanga za Uholanzi, viwanja 20 na aina 30 za mimea. Yana pia viwanja vya msitu wa kisiwa cha Barro Colorado huko Panama, hekta 50 zenye aina 225 za miti. Kwa hiyo kijana wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi huanza kujifunza kwa matuta ya Uholanzi, ilhali matuta ya mchanga yapo Mambrui, anayaona akipita na matatu. Ningependa siku moja zoezi la kwanza la mwanafunzi huyo liwe la tope la Ngomeni.

Basi tope lenyewe likoje? Njoo ulione siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Unaingia mkokoni miguu mitupu au na viatu vya mpira, tope linakufika kwenye vifundo, mara kwenye magoti. Unalaza fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja juu ya tope. Kila kilichomo ndani ya fremu unakihesabu: tondo wangapi, mashimo ya kaa mangapi, kaa wadogo wenye gando moja kubwa wangapi, miche ya mkandaa mingapi, ya mkoko mingapi. Unaandika. Unasogea hatua kumi kuelekea baharini, unalaza fremu tena. Mpaka maji yanaanza kurudi una fremu kumi na mbili, na daftari limeingia matone ya chumvi.

Ukifika nyumbani unachora jedwali. Kila mstari ni fremu moja. Kila safu ni aina moja ya kiumbe. Ndani ya kila kijumba kuna idadi. Hilo ndilo wataalamu wanaloliita data za jamii ya viumbe. Viumbe nao huishi kama watu wa mtaa, na jedwali ni sensa yao.

Je, wajua kwamba Kenya ina aina 9 za mikoko, na zote zina majina ya Kiswahili? Mkoko wenyewe, mchu, mlilana, muia, mkandaa, kikandaa, mkomafi, mkomafi dume na msikundazi. Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa mwaka 2017 ulihesabu hekta 61,271 nchi nzima, na 8,536 kati ya hizo ziko Kaunti ya Kilifi. Mzee yeyote aliyewahi kukata boriti atakwambia kwamba miti hii haikuchanganyika ovyo: mlilana huelekea baharini, mkoko hufuata mikono ya maji, na huko juu ambako maji hufika kwa nadra utakuta mkandaa na mchu. Jedwali la fremu zako, likichambuliwa na programu, litatoa mpangilio uleule wa mzee. Hapo ndipo unapojua kwamba chombo kinafanya kazi. Kisha unaweza kukiuliza jambo ambalo mzee hana jibu lake: je, kando ya mabwawa ya chumvi, au pale yalipochimbwa mabwawa ya kufugia kamba, mpangilio umebaki uleule?

Je, wajua tofauti ya sifuri na kijumba kitupu? Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Sifuri maana yake nilitafuta, sikupata. Kijumba kitupu maana yake sikutafuta, au sikuandika. Programu haiwezi kukisia ulikuwa na nia gani. Ukiacha mapengo, mengine yakiwa sifuri halisi na mengine yakiwa ya kusahau, utapewa jibu lenye desimali nne, na litakuwa si kweli.

Majina nayo. Neno kamba sokoni ni moja, lakini katika Ghuba ya Ungwana, ambamo Ngomeni imejitokeza kama kidole, wanasayansi wanatambua aina 5 za kamba wanaovuliwa kibiashara. Pono ni jina la aina nyingi. Tafi wa Kenya, ukivuka kwenda Tanzania, ni tasi. Kwa programu, tafi na tasi ni samaki wawili. Hata Tafi kwa herufi kubwa na tafi kwa herufi ndogo, kwenye R, ni wawili. Kabla ya takwimu yoyote, kaa na wavuvi na mama karanga, wale wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, mkubaliane majina. Mama karanga hasa, kwa kuwa samaki wadogo ambao tajiri hawataki hupitia mikononi mwake, na yeye anawajua mmoja mmoja.

Je, wajua kwamba kipimo kinachotumiwa sana duniani kupima wingi wa aina za viumbe kilibuniwa na mtu wa simu? Claude Shannon alikuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, Marekani, na mwaka 1948 alikuwa akitafuta namna ya kupima habari ndani ya ujumbe. Mwaka mmoja baadaye Edward Simpson, aliyevunja misimbo ya siri ya maadui wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akatoa kipimo chake. Havina maajabu. Tuseme wavuvi wawili wametia nanga Ngomeni, kila mmoja ana samaki 100 wa aina nne: tafi, changu, pono na chewa. Wa kwanza ana 25 wa kila aina. Wa pili ana tafi 97, na mmoja mmoja wa zile nyingine. Ukihesabu aina tu, wametoka sare. Lakini yeyote aliyeona vikapu viwili hivyo anajua havifanani. Shannon anampa wa kwanza 1.39 na wa pili 0.17. Simpson anawapa 0.75 na 0.06. Kile cha Shannon kikigeuzwa kirudi katika hesabu ya aina, kikapu cha kwanza kina aina 4 kamili, cha pili kina kama aina 1.2. Kwa lugha ya pwani: cha pili ni kikapu cha tafi.

Na vikapu vya siku mbili, vinatofautianaje? Jibu lililozoeleka linatoka kwenye misitu ya Wisconsin, Marekani, ambako J. Roger Bray na John T. Curtis walilinganisha miti na kuchapisha kazi yao mwaka 1957. Chukua Jumatatu: tafi 10, changu 6, pono 4. Chukua Alhamisi: tafi 4, changu 6, pono hakuna. Tofauti ni 6, 0 na 4, jumla 10. Samaki wote wa siku zote mbili ni 30. Gawanya: 0.33. Ingekuwa 0, siku hizo zingefanana kabisa. Ingekuwa 1, zisingekuwa na hata aina moja ya pamoja. Nakipenda kipimo hiki kwa jambo moja zaidi: aina iliyokosekana siku zote mbili haihesabiwi. Mitumbwi miwili haiwi ndugu kwa sababu yote miwili haikupata nyangumi.

Je, wajua kwamba ukipewa umbali tu, bila ramani, unaweza kuichora ramani? Mtu akikwambia umbali kati ya Malindi na Mambrui, Mambrui na Gongoni, Gongoni na Ngomeni, Ngomeni na Marereni, na kila mji na kila mji mwingine, utahangaika na nukta zako mpaka zikae mahali pake. Hivyo ndivyo inavyofanya mbinu ambayo Joseph Kruskal aliikamilisha mwaka 1964, akiiandikia jarida la saikolojia. Badala ya miji, weka vikapu. Badala ya kilomita, weka zile tofauti za Bray na Curtis. Kompyuta husogeza nukta huku na huko mpaka vikapu vinavyofanana vikae jirani. Paka rangi mbalimbali nukta za msimu wa kusi na nukta za msimu wa kaskazi. Rangi zikijitenga, bahari ya kusi na bahari ya kaskazi zina jamii mbili.

Lakini huenda zimejitenga kwa bahati. Hapo ndipo kompyuta inapochanganya karata. Inang'oa vibandiko vya kusi na kaskazi, inavibandika upya ovyoovyo, inapima. Inarudia mara 999. Kama utengano ulioupata wewe umeushinda ule wa karibu vibandiko vyote vya ovyo, si bahati. Mtaalamu aliyeipa mbinu hii umbo lake la leo, Marti Anderson, aliichapisha mwaka 2001. Kazi ambayo kwa mkono ingekula miezi, laptopu kuukuu inaimaliza kabla chai haijapoa.

Je, wajua kwamba unaweza kukadiria aina ambazo hukuziona? Anne Chao wa Taiwan alionyesha njia mwaka 1984. Hesabu aina zilizoonekana mara moja tu, na zilizoonekana mara mbili tu. Umeona aina 20, kati yake 6 ni za mara moja na 3 ni za mara mbili: zidisha 6 kwa 6, gawanya kwa mara mbili ya 3, unapata 6. Basi bahari inakuficha angalau kama aina 6 zaidi, jumla 26. Wageni wengi wa mara moja ni dalili kwamba hujamaliza kuhesabu.

Turudi Ungwana. Ghuba hii hupokea Mto Tana na Mto Sabaki, na tope la mito hiyo ndilo linalolea kamba. Meli za kukokota nyavu zilifuata kamba hao kwa miaka mingi, zikakosana na wavuvi wadogo ambao nyavu zao zilikatwa na samaki wao kutupwa wakiwa wamekufa. Mwaka 2006 meli zilisimamishwa. Mwaka 2010 ukatolewa mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba, na mwaka 2011 meli zikarudi. Fikiria thamani ya jedwali kwa historia kama hiyo. Mistari ya kabla, mistari ya wakati meli hazipo, mistari ya baada. Safu za kamba, na safu za kila kilichoingia wavuni pamoja nao. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kazi zake katika ghuba hii, na nazithamini. Lakini mvuvi wa Ngomeni naye anaingia baharini karibu kila siku, anaona, anahesabu kichwani. Hesabu hiyo hufa jioni, samaki wakishauzwa. Kwenye kikao, mvuvi anasema samaki wamepungua, afisa anasema lete ushahidi, na hapo mazungumzo yanakwama. Naumia kila ninapolisikia hilo, kwa kuwa ushahidi ulikuwapo na uliliwa na mchuzi.

Je, wajua kwamba si lazima uanze na R? Ipo PAST, iliyoandikwa na Øyvind Hammer wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na kutangazwa mwaka 2001 na yeye pamoja na wenzake David Harper na Paul Ryan. Iliundwa kwa ajili ya watafiti wa visukuku, lakini hesabu za konokono aliyekufa miaka milioni mia iliyopita na za tondo wa leo ni zilezile. PAST ni ya bure, si huria: matumbo yake hayafunguliwi. Ila ni nyepesi mno. Unaipakua mara moja kwenye saiba pale Malindi, unaitia kwenye flashi, na ukirudi Ngomeni inafanya kazi bila intaneti. Unabandika jedwali lako, unachagua kipimo, unapata Shannon, Simpson na Chao kwa pamoja. Kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) chenye kompyuta moja, ningeanza na hiyo, na R ningemwachia kijana aliyesoma na mwenye subira.

Jambo ambalo programu zote hizi haziwezi ni kujua ulivua kwa zana gani. Kikapu cha jarife si kikapu cha mshipi. Uzio una samaki wake na malema yana wake. Saa mbili majini si saa sita. Bila kuandika zana, saa na mahali, utalinganisha nyavu ukidhani unalinganisha bahari.

Kwa hiyo ombi langu kwa BMU ya Ngomeni, na kwa kila kijana anayesoma safu hii kati ya Marereni na Kilifi, ni dogo. Nunueni daftari moja kubwa la mistari. Kila siku chagueni mitumbwi mitano inayotia nanga, na andikeni haya: tarehe, kusi au kaskazi, bamvua au maji mafu, mahali, zana, saa za kuvua, kisha kila aina kwa jina mlilokubaliana na idadi yake. Msipopata, andikeni sifuri. Fanyeni hivyo mwaka mzima bila kuruka, kisha lipelekeni daftari kwa mwanafunzi wa Pwani mumwambie alifungue kwenye PAST. Programu haina bei. Daftari ndilo la kununua.